Mulama ni nani? Kisa cha jina la ukoo kati ya Nakuru na Butere

Mazungumzo ya mahari yalikwama kwa swali jepesi: nyinyi ni wa ukoo gani? Msichana alizaliwa na kulelewa Kivumbini, Nakuru, na jina lake la mwisho ni Mulama, kama la babake na la babu yake. Kwao mvulana ni Mumias, na ni wa Abashitsetse, ukoo wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Wazee wa upande wa mvulana waliposikia Mulama wakatulia. Mulama wanayemjua wao ni ndugu yake Nabongo, yule aliyekuwa chifu wa Marama, upande wa Butere, enzi za ukoloni. Kama binti ni wa damu ile, basi yeye na mchumba wake ni ndugu, na Mluhya haoi ndani ya ukoo wake hata undugu ukiwa wa vizazi vingi nyuma. Babake msichana akajibu kwamba wao ni "watu wa Butere". Hilo ni jina la mahali, si la ukoo. Kikao kikaahirishwa, na ng'ombe wa mahari wakaendelea kula nyasi za kwao.

Nilipoletewa kisa hiki niliambiwa nitafute "historia ya jina". Familia imekubali niandike mradi nisiwaanike. Jina Mulama nimeliacha lilivyo, maana bila hilo hakuna kisa, na wenye nalo ni wengi. Mengine nimeyabadilisha au kuyaacha. Mtu tuliyekuwa tukimtafuta ni baba wa babu yake msichana. Kwa sasa nitamwita Mzee wa Njoro, kwa kuwa huko ndiko alikozikwa, shambani kwa setla wa Kizungu, na leo kaburi halionekani.

Nyumbani kulikuwa na hadithi mbili. Ya kwanza, iliyopendwa na wanaume, ilisema Mzee wa Njoro alikuwa mtoto wa Chifu Mulama mwenyewe. Aligombana na ndugu zake wa kambo kuhusu ng'ombe, akatoka kwa hasira, akaishia Bonde la Ufa. Ya pili ilikuwa ya shangazi yao, ambaye kila mtu humwita Senje, mama wa miaka themanini na ushee anayeishi mtaa wa Bondeni, Nakuru. Yeye alisema kuka yake, yaani babu yake, alikuwa mtu wa kawaida kabisa, alibeba mizigo kwenye vita vya Kariakor, Vita vya Kwanza vya Dunia, hakutaka kurudi kwao, na akilewa alilia. Hadithi ya kwanza ilikuwa tamu, na utamu wake ndio ulionitia shaka. Katika kazi hii nimekutana na wajukuu wa machifu wengi kuliko machifu wenyewe wangeweza kuwazaa, hata ukihesabu wake zao wote.

Vijana wa familia walikuwa wameshaanza kutafuta kwa simu. Walijaza jina Mulama kwenye tovuti za kuchora mti wa ukoo, wakasubiri mti uote. Tovuti hizo zilitengenezwa na watu ambao jina la mwisho hutoka kwa baba hadi mwana kwa karne na karne. Mwanamume wa Marama aliyezaliwa miaka ya 1890 hakuwa hivyo. Alikuwa na jina lake, mara nyingi la jamaa aliyefariki, na la babake lilifuata tu pale mtu alipouliza. Nduguye wa tumbo moja alikuwa na jina lingine kabisa. Kwa hiyo ukimtafuta "Mulama" wa mwaka 1900 ukidhani ni jina la familia, unatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Walipitia pia matangazo ya mirathi katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambayo huweka jina la marehemu, mahali alipoishi na siku aliyofariki. Ni hazina kubwa kwa waliofariki karibuni. Wakapata kina Mulama chungu nzima, na hakuna aliyewahusu.

Swali nililoona lina faida lilikuwa dogo zaidi: ni nani aliyeandika "Mulama" kwa mara ya kwanza, kwenye karatasi gani, na alikuwa anajaza nini?

Jibu lilikuwa kwa Senje, ndani ya mfuko wa sukari uliofungwa kwa kamba. "Hiki kikebe kilikuwa cha nani, Senje?" "Cha kuka, mwanangu. Baba alisema tusikitupe, lakini hakusema kwa nini." Kilikuwa kikebe cha kipande, cha bati, chenye tundu za kupitishia uzi wa kuvaa shingoni. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, lakini kwa sababu ya vita ikaanza kutekelezwa mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka kumi na sita na zaidi alitakiwa kuwa na kipande chenye alama za vidole, na mwajiri aliandika humo siku aliyomchukua, mshahara aliomlipa na siku aliyomwachilia. Ukiondoka kazini bila sahihi ya mzungu wako, wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Mtu hakuchezea karatasi hiyo.

Tuliifungua juu ya kitambaa cheupe, polepole. Ilikuwa imekunjwa ili iingie ndani ya kikebe, na mikunjo ilikuwa imekula wino. Mstari wa jina la mwenyewe ulipitiwa na mkunjo katikati: kulibaki M kubwa mwanzoni, na a mwishoni, na kati yake shimo. Chini zaidi, kwa mwandiko uleule, lilikuwepo neno lililosomeka bila shida: Mulama's. Watu wa familia walikuwa wamesoma neno la chini, wakalipandisha juu kujaza shimo. M na a zilikubali. Ile s ya mwisho waliichukulia kuwa mbwembwe za karani.

Ile s ndiyo iliyokuwa na habari. Maafisa wa kikoloni wa Kavirondo ya Kaskazini, wilaya ya huko Marama, waliita maeneo kwa majina ya machifu waliowaweka, kwa Kiingereza chao cha umilikaji. Mji wa Mumias wenyewe ulipata jina kwa njia hiyo, mahali pa Mumia. Mumia alitangazwa chifu mkuu mwaka 1909, na jamaa zake wakawekwa juu ya watu ambao hawakuwa Wawanga: Mulama kwa Wamarama, Murunga upande wa Kimilili. Ndiyo sababu mkulima wa Marama ambaye hakuwahi hata kuketi karibu na boma la chifu angeweza kuandikwa kuwa wa "Mulama's". Alikuwa anaulizwa anatoka kwa nani, si nani aliyemzaa.

Hilo lilikuwa dhana tu bado. Mtu angeweza kusema, na kaka mkubwa wa familia alisema, kwamba labda mzee aliitwa Mulama na pia alitoka kwa Mulama. Kweli inawezekana. Ilihitajika karatasi nyingine iliyoandikwa na mtu mwingine.

Karatasi hiyo walikuwa nayo siku zote. Ni kadi ya ubatizo ya babu, aliyebatizwa Kianglikana akiwa kijana mwaka 1938, huko huko Njoro. Mahali pa jina la baba pameandikwa "Makoha". Familia ilikuwa imeiweka kando kwa kudhani mhudumu wa kanisa alikosea, kwa kuwa kila mtu anajua baba yake alikuwa Mulama. Lakini hesabu ya miaka inakataa. "Makoha" imeandikwa 1938, mzee akiwa hai na pengine akiwa amesimama pale pale kanisani. Babu kuitwa Mulama kunaonekana mara ya kwanza kwenye karatasi ya ajira ya mwaka 1949, alipoacha shamba akapata kazi mjini Nakuru. Sheria mpya ya kuandikisha watu ya 1947 ilikuwa imeanza kufanya kazi, na kila ofisi ilitaka mtu awe na jina la pili. Senje anakumbuka babake akisimulia kwamba alipoulizwa jina la baba alitoa kikebe, akampa karani asome mwenyewe. Karani alisoma lililosomeka.

Kwa nini hakulipinga? Nilimuuliza Senje. "Jina la kazini ni la kazini," akasema. "Mshahara ulikuwa unakuja." Watoto walipokwenda shule wakaandikishwa kwa jina lililokuwa kwenye karatasi ya mshahara. Wanawake hawakuwa wakipewa kitambulisho hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1978, kwa hiyo Senje mwenyewe aliingia Mulama akiwa mtu mzima, kwa kumfuata babake. Usajili wa lazima wa vizazi ulipoenea nchi nzima mwaka 1971 ulikuta jina limeshatulia. Wadogo zake walipoanza kuzaa, vyeti vya watoto vilibeba Mulama bila mtu kuuliza. Toka hapo, Mzee wa Njoro, yule aliyeandikwa Makoha kwenye kadi, ninamwita Makokha, ingawa hilo nalo ni la kuazima.

Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, nazipita haraka, kwa sababu zilisaidia kidogo kuliko watu wanavyotarajia. Ukitafuta mtu wa kawaida wa 1920 kwa jina, hutampata. Utapata ripoti za kila mwaka za DC, mkuu wa wilaya, mashauri ya mipaka, na maoni ya afisa kuhusu chifu yupi ni mlevi na yupi anakusanya kodi vizuri. Jambo moja tu la kukumbuka: usitafute "Kakamega" au "Mkoa wa Magharibi" kabla ya uhuru. Mkoa huo ulizaliwa 1963. Kabla yake yote yako chini ya Nyanza, na wilaya ni Kavirondo ya Kaskazini, baadaye Nyanza ya Kaskazini. Tuliyopata huko yalithibitisha kwamba eneo la Mulama ni Marama. Marama ni kubwa. Bado hatukuwa na kijiji.

Kijiji kilitoka ndani ya Biblia ya babu: barua ya mwaka 1956, ya penseli, kwa Kiluhya, kutoka kwa mtu anayejiita ndugu mdogo wa Makokha na anayesema yeye ni mwalimu wa kanisa. Anamwita babu "mwanangu", anampa pole kwa kifo cha baba, na anasema hivi: sehemu yenu ya shamba ipo, hatujaigusa. Juu kabisa ameandika jina la shule ya kanisa ambako barua za jibu zipelekwe. Shule hiyo ipo hadi leo, imejengwa upya kwa matofali.

Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, walifungua kituo Butere mwaka 1912, na makanisa madogo ya Marama yalikua chini yake. Tulipofika, mchungaji alitutolea kitabu cha ubatizo wa watu wazima cha miaka ya 1920, jalada limeng'oka, kurasa zimefungwa kwa uzi wa gunia. Mwalimu wa barua yumo: jina jipya, jina la zamani, na jina la baba. Hapo ndipo mti ulipopanda kizazi kimoja. Baba yake huyo mwalimu, na kwa hiyo baba wa Makokha, nitamwita Osundwa. Makokha mwenyewe hayumo. Wakati ndugu yake anapewa maji, yeye alikuwa Njoro, na kwa maelezo ya Senje hakubatizwa hadi anakufa. Hili ni jambo ambalo wengi hulisahau: ukimkosa mtu wako kwenye kitabu, tafuta nduguye. Vitabu vya kanisa vimejaa kaka waliobaki nyumbani.

Kutoka kanisani hadi bomani si mwendo mrefu, lakini ndicho kipande kigumu cha kazi yote. Magari mawili yenye watu wa Nakuru yakiingia kwenye boma kijijini Butere, waliopo hawafikirii mti wa ukoo. Wanafikiria shamba. Mzee wa boma, mjukuu wa mwalimu, alitukaribisha vizuri, viti vikaletwa, chai ikachemshwa, halafu akauliza kwa upole kabisa: "Sasa, mmekuja kupimiwa?"

Na barua ya 1956 tulikuwa nayo mfukoni. Mdogo wa babake msichana alikuwa ameisoma sentensi ile ya "sehemu yenu ipo" mara nyingi kuliko sentensi nyingine yoyote, na nilikuwa nimeshamwambia njiani maoni yangu. Shamba hilo lilipimwa na kuandikishwa miaka ya 1970 kwa jina la watoto wa mwalimu. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ililinda usajili wa kwanza kiasi kwamba hata madai ya ulaghai hayakuweza kuuvunja. Sheria yenyewe ilifutwa 2012, lakini kuirudisha nyuma karatasi ya wakati ule ni kazi ya wakili na ya miaka, na mwisho wake unakuwa na shamba la kugombania na hakuna ndugu. Hakupendezwa. Babake msichana ndiye aliyemaliza mambo: alisimama, akasema wametafuta watu na hawakutafuta udongo, na kama inafaa wataandika hivyo mbele ya naibu wa chifu. Wakaandika siku hiyo hiyo. Baada ya muhuri kugongwa, wazee walianza kuzungumza kwa sauti zao za kawaida.

Kabla hawajazungumza niliomba jambo moja: mtu yeyote asitaje Mulama, wala asitaje Makokha. Miezi iliyotangulia vijana walikuwa wamepiga simu Butere wakiuliza, "Mnamjua Mulama?" na kila aliyepokea alisema ndiyo, tunamjua sana. Bila shaka. Alikuwa chifu wao. Swali likiwa na jina ndani yake huvuna ndiyo, na hizo ndiyo zote zilikuwa zimeihakikishia familia kwamba hadithi ya kwanza ni ya kweli. Sisi tuliuliza wazee watatu, kila mmoja peke yake, wengine wakiwa upande wa jikoni: katika nyumba ya Osundwa, nani alitoka asirudi?

Wawili walimtaja Makokha bila kusita. Mmoja alisema alichukuliwa wakati wa vita, wakati serikali ilipowakusanya wanaume kwa nguvu kuwa wapagazi. Mwingine alisema aliondoka mwaka wa njaa. Watu wa Nakuru waliona huo ni mgongano. Mimi sikuona. Wapagazi wengi walikusanywa 1917, na vita vilipokwisha 1918 vilifuatwa na ugonjwa wa homa na njaa ya 1918 hadi 1919. Mtu aliyechukuliwa kwa lazima, akarudi akakuta ghala tupu, akaondoka tena kutafuta mshahara, angekumbukwa kwa sababu zote mbili. Wa tatu hakulijua jina. Alijua tu kwamba kulikuwa na "yule wa Njoro", na kwamba bibi wa boma, kukhu (nyanya) wa kukhu wao, alimwachia jiwe la kusagia lisiguswe na mtu hadi mtoto wake arudi. Jiwe tulionyeshwa. Sasa hivi mbuzi wanalambia chumvi pale.

Wote watatu walitaja ukoo mmoja, ukoo wa Marama, si Abashitsetse. Lakini hapo ilibidi niwe mgumu kidogo, kwa sababu Wawanga kadhaa walihamia Marama pamoja na chifu, na mtu anaweza kukaa mahali hadi akaitwa mwenyeji. Kukaa Marama si ushahidi wa kutosha. Nikauliza habari za ndoa: mabinti wa nyumba hii waliolewa wapi? Wakaanza kuhesabu kwa vidole, na ndani ya hesabu hiyo kulikuwa na mabinti wawili wa mwalimu, yaani watoto wa ndugu yake Makokha, waliotolewa mahari na wanaume wa Abashitsetse, mmoja kabla ya uhuru na mwingine baada yake kidogo. Ng'ombe walipokelewa, hakuna aliyepinga, na mmoja wa waliopeleka ng'ombe hao bado yu hai.

Nilirudi na rundo la nakala: kipande, kadi ya 1938, karatasi ya 1949, barua ya penseli, ukurasa wa kitabu cha kanisa. Niliyapanga kwa miaka, nikaona yanajisimamia. Wazee wa Mumias waliyatazama kwa heshima kama mtu anavyotazama picha za harusi ya watu asiowajua. Walipoambiwa kuhusu wale mabinti wawili, mmoja wao akauliza jina la kijiji, akauliza jina la mume, akacheka. "Kama tulishaoa kwao, basi tunaweza kuoa tena." Mambo yakaishia hapo, na tarehe ikapangwa.

Kuhusu jina, familia haijakubaliana, na sioni kama kuna haraka. Babake msichana ana miaka sitini na kitu, ana hati ya ploti ya nyumba, akaunti ya benki na pensheni, zote za Mulama. Kubadilisha jina kwa hati ya kisheria kunawezekana, hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi, lakini kila karatasi nyingine lazima ifuate, moja baada ya nyingine. Amesema atazikwa na Mulama wake, ila kwenye historia ya marehemu siku ya mazishi isomwe kwamba ni mwana wa fulani, mjukuu wa Makokha, wa nyumba ya Osundwa. Mdogo wake amechagua tofauti. Mtoto wake wa mwisho amesajiliwa kwa jina la Makokha, na Mulama halimo kabisa kwenye cheti.

Kwa hiyo nyumba moja sasa ina majina mawili, na siku ya mirathi hakimu atataka kujua kama hawa ni watu wa baba mmoja. Nimewashauri waende mapema kwa wakili, Senje akiwa bado na nguvu, wale kiapo kwamba Mulama wa karatasi za kazi na mwana wa Makokha wa kadi ya ubatizo ni mtu yule yule, na waambatishe nakala ya kipande ikiwa imepigwa picha pande zote mbili, ile s ikionekana.